Maridhiano ndani ya mkataba wa hali bora: vyama vya wafanyakazi na watu wa asili wa Kanada

Kila tarehe 30 Septemba, Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano inayowakumbuka watoto wa asili waliopelekwa shule za bweni, matawi ya vyama vya wafanyakazi kote Kanada hujaa fulana za rangi ya chungwa. Tamko la kuitambua ardhi ya watu wa asili husomwa, watu husimama kimya, picha hupigwa. Wiki inayofuata mhudumu wa hospitali, mtu wa taifa la asili la Cree, anaomba ruhusa akamzike shangazi aliyemlea. Kijiji kiko safari ya siku nzima, na ofisi inamjibu kwamba shangazi hayumo katika orodha ya ndugu wa likizo ya msiba. Kama tawi halikuigusa orodha hiyo lilipokaa mezani na mwajiri, fulana haitamsaidia kitu. Tutakayoeleza hapa ni mambo ya namna hiyo: vifungu, orodha, tarehe na fedha.

Kwanza historia, kwa ufupi. Kwa zaidi ya karne moja serikali ya Kanada pamoja na makanisa ziliendesha shule za bweni zilizowatenga watoto wa watu wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, na wazazi wao ili waache lugha na mila zao. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo, ikiongozwa na Murray Sinclair, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wito wa 92 unawahusu waajiri wa makampuni: watafute ridhaa ya jamii kabla ya mradi kuanza kwenye ardhi yake, wawape watu wa asili nafasi za haki za ajira na mafunzo, na wawafundishe mameneja na wafanyakazi historia hii. Vyama vimeung'ang'ania wito huo kwa sababu ajira, mafunzo na masomo ya kazini ni mambo ya mkataba wa hali bora, ule ambao chama na mwajiri hujadiliana na kutia saini. Mwajiri aliyetangaza hadharani kwamba anaukubali wito wa 92 huulizwa mezani aonyeshe kifungu.

Hata hiyo siku ya 30 Septemba si ya kila mfanyakazi. Bunge la shirikisho liliifanya sikukuu mwaka 2021, lakini sheria hiyo inawabana waajiri walio chini ya shirikisho tu: benki, reli, mashirika ya ndege, posta na wengine wa aina hiyo. Walio wengi wako chini ya sheria za majimbo. British Columbia iliifanya sikukuu yenye malipo mwaka 2023 na Manitoba mwaka 2024, ilhali Ontario, Alberta na Quebec hazikufuata. Ndiyo maana muuguzi msaidizi wa Winnipeg, Manitoba, analipwa siku hiyo na mwenzake wa Edmonton, Alberta, halipwi, isipokuwa mkataba wao useme vingine.

Mwaka ule wa kwanza sentensi moja ya zamani ndiyo iliyoleta ugomvi. Mikataba mingi, ikimaliza kuorodhesha sikukuu, huongeza maneno kama "na siku nyingine yoyote itakayotangazwa na serikali". Serikali ipi? Ikitajwa ya shirikisho, tawi lina hoja ya kupeleka mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi. Ikitajwa ya jimbo peke yake, na jimbo halikutangaza, lalamiko linaanguka. Usiitegemee sentensi ya jumla; iandike siku kwa tarehe yake. Ongeza na mpangilio wa zamu, kwa kuwa hospitali na nyumba za wazee hazifungwi: mfanyakazi wa asili apewe nafasi ya kwanza ya kupumzika siku hiyo. Pasipo maneno hayo, wakongwe wa kazi huchagua kwanza, na mjukuu wa aliyepitia shule za bweni ndiye anayebaki zamu.

Likizo ya mila ina mitego zaidi. Tangu Septemba 2019 sheria ya kazi ya shirikisho inampa mfanyakazi wa asili aliyetimiza miezi 3 kazini hadi siku 5 kwa mwaka za kuwinda, kuvua, kuvuna na shughuli nyingine za jadi. Siku hizo hazina malipo. Zinaweza kugawanywa, ingawa mwajiri anaweza kutaka kila kipande kisipungue siku moja. Anaweza pia kuomba kwa maandishi, ndani ya siku 15 tangu mfanyakazi arudi, uthibitisho kwamba ni mtu wa asili, na mfanyakazi analazimika kuutoa pale tu inapowezekana bila taabu isiyo ya kawaida. Hicho ni kiwango cha chini, tena cha walio chini ya shirikisho. Kwa walio wengi wa wengine likizo hiyo hupatikana kwa kujadiliana.

Kosa la kwanza ni kukubali siku badala ya saa. Mkataba ukihesabu siku moja kuwa saa 7.5, mfanyakazi wa zamu ya saa 12 anapoteza saa 4.5 za mshahara kila anapoitumia. La pili ni muda wa taarifa. Ofisi hupenda wiki nne, lakini bata bukini wanaowindwa masika kwenye pwani ya James Bay hufika barafu inapoanza kuachia, na hakuna kalenda inayoijua tarehe hiyo. "Taarifa ya mapema kadiri inavyowezekana" inatosha. La tatu, ambalo huumiza zaidi, ni uthibitisho. Mameneja wengi hudai kadi ya usajili, na kadi hiyo hutolewa kwa waliosajiliwa chini ya Sheria ya Wahindi tu (Indian Act, sheria ya shirikisho kuhusu Mataifa ya Kwanza; si Wahindi wa India). Inuit na Métis hawasajiliwi chini ya sheria hiyo. Isitoshe, hadi 1985 mwanamke aliyesajiliwa alipoteza usajili wake akiolewa na mwanamume asiyesajiliwa, kwa hiyo kuna familia nzima za watu wa asili ambazo karatasi haziwatambui. Kifungu kizuri hukubali tamko la mfanyakazi mwenyewe, linalotolewa mara moja na si kila mwaka.

Kwenye likizo ya msiba, orodha ya ndugu iongezewe aliyemlea mfanyakazi, aliyelelewa naye, na ndugu wanaohesabiwa kwa mila ya jamii yake. Siku za safari ziandikwe mbali na siku za mazishi, maana zipo jamii zinazofikika kwa ndege tu, au kwa barabara ya barafu miezi michache ya baridi. Wajumbe wenzetu kutoka Kongo, Burundi na Kenya hawahitaji kuelezwa kwa nini mama mdogo ni mama, na baadhi yao huomba kifungu kiwafae nao. Ombi ni la haki. Lakini tungeshauri kifungu cha watu wa asili kipite kwanza kikiwa peke yake, kwa sababu mwajiri akishaona kitawagusa wafanyakazi wote hukipigia hesabu nyingine na kukikataa chote.

Kufukiza nako kuna taratibu. Wengi huchoma kidogo seji, nyasi tamu, mwerezi au tumbaku ya jadi na kujipitishia moshi kwa mikono kabla ya kikao au baada ya jambo zito. Mswahili wa pwani aliyekulia kwenye chetezo na ubani anaelewa mara moja. Meneja wa jengo haelewi. Kinachoharibika kila mara ni king'ora cha moto. Chagua chumba chenye dirisha au feni ya kutolea hewa, mjulishe mtu wa matengenezo siku iliyotangulia ili azime kihisio cha chumba hicho peke yake, bandika tangazo mlangoni kwa ajili ya wenye pumu, na hakikisha kanuni ya kazini dhidi ya uvutaji inataja kwamba kufukiza si kuvuta sigara. Sheria ya Ontario kuhusu moshi wa tumbaku yenyewe inaruhusu matumizi ya jadi ya watu wa asili, kwa hiyo mwajiri wa huko anayejificha nyuma ya sheria ajibiwe kwa sheria hiyo hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo linalogawa wanachama wenyewe: ukongwe kazini. Aliyetangulia kuajiriwa hupandishwa kwanza na hupunguzwa mwisho. Kanuni hii ilipatikana kwa migomo, na inamzuia meneja kupendelea jamaa zake. Hakuna mwanachama wa siku nyingi atakayeiachia kirahisi, na ana sababu. Lakini kiwanda kilichoajiri Wazungu watupu kwa miaka 40, kikaanza kuwaajiri watu wa asili miaka mitano iliyopita, kikifuta zamu moja tu kinawatoa hao wote kwa mkupuo. Ahadi za ajira zinarudi sifuri bila mtu yeyote kuvunja mkataba.

Njia rahisi kupita ni kipaumbele wakati wa kuajiri, kwa sababu haimgusi aliye ndani. Katiba ya Kanada katika kifungu cha 15(2), pamoja na sheria ya shirikisho ya haki za binadamu, huruhusu mipango maalumu ya kuwainua waliobaguliwa, hivyo hoja ya "ubaguzi kinyume" haina nguvu kisheria, hata kama itasikika mkutanoni. Njia ya pili ni kuunganisha vipindi: mfanyakazi wa msimu anayerudi ndani ya muda uliokubaliwa asianze upya kuhesabu ukongwe, na muda wa mafunzo uhesabiwe. Ya tatu, na tunaiona bora kuliko sifa inayopewa, ni kupunguzwa kwa hiari kuanzia juu: kazi zikipungua, mkongwe anayetaka kupumzika anaruhusiwa kutoka kwanza akiwa na bima ya ukosefu wa ajira na haki ya kurudi, na mgeni anabaki. Hakuna anayepokonywa. Ya nne, kulinda asilimia fulani ya wafanyakazi wa asili wakati wa kupunguza watu, ndiyo yenye nguvu na ndiyo inayoanguka kwenye kura.

Huanguka hasa ikiletwa wakati habari za kupunguzwa zimeshaanza kunong'onwa. Ilete wakati mwajiri anaajiri. Kabla ya mkutano chukua orodha ya ukongwe, ondoa majina, bakiza tarehe za kuajiriwa, halafu onyesha nani angetoka kama wangepunguzwa watu 10, kisha 20, kisha 50. Jedwali la ukurasa mmoja limebadilisha kura nyingi kuliko hotuba. Na wanachama wa asili wasiachiwe kazi ya kulitetea peke yao. Anayepaswa kusimama kwanza ni mkongwe anayeheshimiwa.

Mifano ya kujifunza ipo. Katika barabara kuu ya Vancouver Island, miaka ya 1990, makubaliano ya vyama na serikali ya British Columbia yaliweka kipaumbele kwa wenyeji na makundi yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2018 jimbo hilo lilirudi kwenye njia hiyo kwa miradi mikubwa ya umma: watu wa asili na wakazi wa eneo wana kipaumbele, na anayeajiriwa hujiunga na chama ndani ya siku 30. Manitoba ilikuwa na makubaliano ya Burntwood-Nelson kwa ujenzi wa mabwawa ya umeme kaskazini, yenye kipaumbele kwa watu wa asili wa huko.

Mahali kama hapo kipaumbele kinaweza kuwapo kwenye karatasi huku ajira zikiwapita watu. Ofisi ya chama inayogawa kazi iko Winnipeg na mtafuta kazi yuko Thompson, kaskazini mwa jimbo, zaidi ya kilomita 700. Simu ikiita mara moja bila kupokelewa jina linarukwa. Tangazo linadai darasa la 12 kwa kazi ya kubeba mbao. Leseni ya udereva inatakiwa kwa kazi isiyo na gari, katika jamii isiyo na kituo cha mtihani. Ada ya kujiunga inadaiwa kabla ya mshahara wa kwanza. Dawa ya haya ni ya kawaida kabisa: mwakilishi anayekaa kaskazini, siku mbili za kujibu wito, sifa zinazolingana na kazi, na ada inayokatwa kidogo kidogo.

Kuna pia mikataba ambayo chama hakikuwapo ilipotiwa saini. Mgodi wa Voisey's Bay huko Labrador uliwekeana makubaliano na Inuit na Innu mwaka 2002, kabla uzalishaji haujaanza na kabla wafanyakazi hawajapata chama. Chama kikifika mahali kama hapo na kifungu chake cha ukongwe bila kuyasoma makubaliano yaliyotangulia, kinajikuta kikigombana na jamii nzima. Omba nakala, na kama ni ya siri omba sehemu za ajira. Kisha andika kwenye mkataba wa hali bora kwamba pale viwili vinapogongana kuhusu kuajiri, makubaliano na jamii ndiyo yanayofuatwa.

Kambi za migodi na mabomba zina suala lake. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu wanawake na wasichana wa asili waliouawa na kupotea, uliotoa ripoti Juni 2019 yenye miito 231, ulizitaja kambi hizo kama chanzo cha hatari kwa wanawake. Chama cha wajenzi kinaweza kudai milango yenye makomeo imara, usafiri wa kwenda na kurudi, na mpokea malalamiko asiyekuwa chini ya bosi wa kambi.

Hali huwa ngumu zaidi mwajiri akiwa ni taifa la asili lenyewe. Wafanyakazi wa kasino ya taifa la asili la Mississaugas wa Scugog Island, Ontario, walichagua chama cha CAW, cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. Baraza la taifa hilo likatunga sheria yake ya kazi iliyokataza migomo. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya Ontario iliamua kwamba sheria ya jimbo ndiyo inayotawala. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Kanada ilifikia jambo la karibu na hilo katika kesi ya shirika la ustawi wa watoto la NIL/TU,O, la mataifa saba ya kusini mwa Vancouver Island, dhidi ya BCGEU, chama cha watumishi wa umma wa British Columbia. Vyama vilishinda. Lakini chama kinachoshinda kwa kusema kwamba sheria za taifa hazihesabiki hakiwezi kesho yake kusoma tamko la kuheshimu mamlaka ya taifa hilo bila watu kuguna. Haki ya kujiunga na chama isiachwe. Mfanyakazi wa ofisi ya baraza ana bosi kama wengine. Kinachoweza kubadilika ni namna: mkataba uitambue serikali ya taifa, mgogoro upite kwa jopo la wazee kabla ya mwamuzi, na likizo zifuate misimu ya hapo.

Tusisahau kwamba watu wa asili hawakuletewa umoja na mtu. Mwaka 1906 wapakia mbao wa mataifa ya Squamish na Tsleil-Waututh kwenye bandari ya Burrard Inlet, Vancouver, walikuwa na tawi lao, maarufu kwa jina la "Pinde na Mishale". Mwaka 1931 ulianzishwa umoja wa watu wa asili ulioitwa Native Brotherhood of British Columbia, uliokuja kujadiliana bei na mishahara kwa niaba ya wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, katika miaka ambayo sheria ilizuia kuchangisha fedha za kudai ardhi, tangu 1927 hadi 1951. Daraja la Quebec lilipoporomoka Agosti 1907, waliokufa walikuwa 75, na 33 kati yao walikuwa mafundi chuma wa taifa la Mohawk kutoka Kahnawake.

Kuhusu tamko la ardhi: mgeni hutambua, mwenyeji hukaribisha. Usimwombe mzee wa taifa husika asome tamko la chama. Hiyo ni kazi ya mwenyekiti. Ukitaka mzee afungue mkutano, piga simu ofisi ya taifa au kituo cha urafiki (kituo cha huduma kwa watu wa asili waishio mjini) mwezi mmoja kabla, uulize utaratibu. Kwa Anishinaabe na Cree wengi, ombi huambatana na tumbaku, na hutolewa kabla mzee hajakubali, si baada ya kazi. Inuit hawana desturi hiyo, na mataifa mengi ya pwani ya magharibi yana zawadi za aina nyingine. Posho iwe ya kiwango anacholipwa mtaalamu mwingine wa nje, ikabidhiwe siku hiyo hiyo kwenye bahasha, pamoja na usafiri na chakula cha anayemsindikiza. Mhazini anayetaka ankara na siku 60 aelimishwe mapema, au tawi lipitishe azimio la fungu dogo la fedha taslimu.

Kwa masomo, matawi mengi hutumia zoezi la blanketi la KAIROS, shirika la makanisa ya Kanada, lililobuniwa 1997. Mablanketi yanatandikwa sakafuni kuwa ardhi, washiriki wanasimama juu yake, na kadiri historia inavyosomwa yanakunjwa na watu wanatolewa. Linahitaji waendeshaji wa asili waliofunzwa na mduara wa mazungumzo mwishoni. Likibanwa kwenye mapumziko ya chakula, mduara ndio unaokatwa, na watu wanarudi kazini wakiwa wamechomwa moyo bila pa kusemea. Wajulishe wanachama wa asili mapema, waruhusu wasihudhurie bila kujieleza, na weka mshauri nasaha chumba cha jirani.

Sisi tuliotoka Afrika tuna la kuangalia pia. Tangu Juni 2021 kiapo cha uraia wa Kanada kinataja haki za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, kama wito wa 94 wa Tume ulivyodai. Kwenye chama, hata hivyo, mara nyingi tunawekwa nao kwenye kamati moja ya "usawa", tukagombea bajeti moja na kiti kimoja. Wao husema mara kwa mara kwamba si kundi la kutafutiwa usawa. Ni mataifa yenye mikataba na haki zake. Kamati zitengwe. Chama cha wafanyakazi wa umma cha CUPE, chenye wanachama zaidi ya 700,000, kina makamu wa rais wa wafanyakazi wa asili, na PSAC, chama cha watumishi wa serikali ya shirikisho, kina mduara wa kitaifa wa wanachama wa asili. Tawi dogo linaweza kuanza na kiti kimoja cha kamati tendaji chenye kura, kinachojazwa na wanachama wa asili wenyewe na si kwa kura ya wote.

Mwisho ni ratiba, ambayo huua mapendekezo mengi kuliko upinzani. Chini ya sheria ya shirikisho taarifa ya majadiliano hutolewa ndani ya miezi 4 ya mwisho ya mkataba. Dodoso likitumwa hapo, wanachama wa asili, ambao ni wachache, humezwa na mapendekezo ya mshahara. Waanzie miezi kumi kabla, kwa kikao chao wenyewe, na mmoja wao aketi kwenye timu ya majadiliano akiwa amelipiwa muda wa kazi. Mapendekezo yaingizwe na gharama yake imeshapigwa hesabu. Usiku wa mwisho, pande zote zinapotupa vifungu ili zimalize, hivi huwa vya kwanza kutupwa. Timu iamue siku ya kwanza, kwa maandishi, ni kipi kati ya hivyo hakitolewi mezani.